Aliyekata Nyasi Hizo ni Kiboko

Kikundi cha walimu kutoka Kisumu kilifika kambini Ijumaa jioni. Kabla hata mizigo haijashushwa kwenye matatu, mmoja wao alikuwa ameshatandaza hema hatua thelathini hivi kutoka ukingo wa Ziwa Naivasha. Nilipomwomba alihamishe alishangaa. “Lakini kaka, hapa ndipo pazuri. Tazama nyasi zilivyokatwa.” Nikamuuliza anadhani ni nani aliyezikata. Akajibu kwamba bila shaka tuna mashine.

Hatuna mashine. Aliyekata nyasi hizo ni kiboko, na giza likiingia angerudi palepale kuzila tena.

Kwa miaka kumi na minne nimepokea watu wanaokuja kulala kwenye mahema kando ya ziwa hili, na hakuna dhana iliyonichosha kama hii: kwamba kiboko ni mnyama wa majini, anakula nyasi tu, kwa hiyo aliye nchi kavu hana la kuogopa. Naisikia kwa wageni wa Nakuru mjini, wa Eldoret, wa Kakamega, na kwa watu waliosoma sana. Ukweli ni kinyume. Mchana kiboko hukaa majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Jua likizama anatoka, na usiku kucha yuko nje akila nyasi, kilo 40 hivi, hadi karibu na mapambazuko. Yaani saa zilezile ambazo wewe umelala kwenye hema ndizo saa zake za kuwa nchi kavu. Siku ya mawingu mazito au mvua anaweza kutoka hata mchana.

Na hilo la “anakula nyasi tu” lisikupe moyo. Nyati naye anakula nyasi. Kiboko mkubwa hupita kilo 1,500, meno yake ya chonge hufika nusu mita, na kwa masafa mafupi hukimbia kama kilomita 30 kwa saa. Akikuvamia si kwa njaa. Ni kwa sababu amekukuta kati yake na maji, au karibu na mtoto wake. Maji ndiyo kimbilio lake. Akishtuka hurudi huko moja kwa moja, na ukiwa kwenye njia yake hatakupisha.

Njia yenyewe inaonekana, ukijua kutazama. Toka kwenye mafunjo utaona kama mifereji miwili myembamba inayokwenda sambamba, katikati pamebaki tuta la nyasi. Mifereji hiyo imechimbwa na miguu ya kushoto na ya kulia, usiku baada ya usiku, miaka na miaka. Vichaka vya kando vimepakwa kinyesi kilichokauka, kwa sababu kiboko anapojisaidia hupigapiga mkia na kukitawanya. Ukiona dalili hizo, usipige hema hapo hata kama mandhari ni ya kupendeza namna gani. Rudi nyuma, panda juu, kaa upande wa ndani wa waya wa umeme uliozungushiwa kambi, na umuulize mwenye kambi kama waya huo umewashwa usiku huo. Usione haya kuuliza. Waya uliozimwa haumzuii mnyama.

Wapo pia wanaoniambia, “Mimi napajua hapa, nililala hapa zamani.” Hapo pa zamani pako chini ya maji. Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda karibu mwaka 2010, na mwaka 2020 Naivasha ilifurika hadi nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto. Ile migunga mikavu unayoiona imesimama ziwani, kwazi wametua juu yake, ilikuwa nchi kavu. Ukingo ukisogea, kiboko naye husogea, na nafasi ya malisho iliyobaki kati ya maji na nyua za watu imekuwa nyembamba.

Kisha kuna moto. “Tutawasha moto mkubwa, hatakuja.” Nenda kwenye hoteli yoyote ya ukingoni mwa ziwa saa nne usiku, taa zote zikiwaka na watu wakila, utawaona viboko wanalisha kwenye bustani. Wamezoea mwanga. Moto wako ni wa kuota na kupikia, basi.

Usiku ule wa walimu, kijana mmoja alitoka saa tisa kwenda haja ndogo bila tochi. Alikuwa ameshapita hema la mwisho aliposikia nyasi zikikwanyuka karibu yake, kra, kra, kama mtu anayerarua nguo. Akajibanza nyuma ya mgunga, na akakaa hapo muda mrefu hadi mlinzi alipomwona na kumrudisha. Hakuumia. Mara nyingi kiboko hupita kando ya hema bila hata kuligusa. Balaa huanza zipu inapofunguliwa. Ndiyo maana kila kikundi nakiambia, na nitaendelea kukiambia hata wakinicheka: lala na ndoo yenye mfuniko ndani ya hema. Kina mama wa vyama huielewa mara moja. Wanaume ndio hubisha. Na kama ni lazima utoke, mulika pande zote kwanza, usikilize, ndipo ushuke. Ukimwona, usipige kelele wala usimkimbilie na simu kumpiga picha. Rudi taratibu, weka mti au gari kati yenu, na umwachie upande wa maji.

Sasa jiko. Watu wa Kisumu huja na shuka moja, wakidhani tuko karibu na Ikweta kwa hiyo ni joto. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,890. Usiku wa Julai meno hugongana. Ndipo mtu anapoingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kusema, “Mkaa umeshaiva, hauna moshi tena.” Naomba unielewe vizuri hapa: mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Haina harufu, haionekani, na aliyelala haamki. Kufungua dirisha dogo la hema hakutoshi. Jiko linabaki nje. Baridi nyingi inatoka ardhini, kwa hiyo weka godoro la sponji au hata mablanketi mawili chini yako kabla ya kuongeza la juu.

Maji ya ziwa kuwa maangavu kwenye jagi si kuwa safi. Yachemshe, lakini si lazima yatokote dakika ishirini hadi kuni ziishe. Kwenye mwinuko wetu dakika moja ya kutokota kwelikweli inatosha. Na ukirudi Ziwa Victoria, kumbuka kichocho hakiingii kwa kunywa tu. Huingia kupitia ngozi unapooga au kuvua miguu mitupu.

Chakula usiweke ndani ya hema. Tumbili wanajua kufungua zipu.

Na kumwaga chumvi au mafuta ya taa kuzunguka hema hakumzuii nyoka. Funga zipu hadi mwisho, na asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvivaa.