Wajibu sio tiketi ya haki, jamani

Juzi tena kwenye mahafali, mgeni rasmi kashika maiki: "watoto wetu, hakuna haki bila wajibu", ukumbi mzima makofi, mi huku nyuma pilau limenishuka vibaya. Hii kitu naisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, kwenye kila rundo la madaftari ya Civics (somo la uraia) ninalosahihisha. Leo naandika.

Fungua Katiba ya Tanzania ya 1977. Haki ziko ibara ya 12 mpaka 24, wajibu unaanza 25: fanya kazi, tii sheria, linda mali ya umma na kadhalika. Zimekaa jirani, sawa, ila hakuna palipoandikwa ukikosa wajibu basi haki imefutika. Haki ina mipaka ndiyo, nenda ibara ya 30, lakini mipaka inawekwa na sheria, sio na hasira za jirani au za mwalimu wa zamu. Halafu soma 13(6)(b), ukishtakiwa kwa jinai ni marufuku kukutendea kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sasa niambie, nani anaihitaji hiyo ibara kuliko wote kama sio huyo huyo anayedaiwa kavunja wajibu? Asiyelipa kodi ashtakiwe, sikatai, ila anaSHTAKIWA, yaani anasikilizwa kwanza. Ingekuwa haki inanunuliwa kwa wajibu, mahabusu asingebaki hata na moja.

Fomu three huwa tunaendesha kesi darasani. Ya mwisho chaja ilipotea bwenini, mshtakiwa hajafungua mdomo na benchi la nyuma lishapiga kelele "mwizi!". Nikaandika 13(6)(a) ubaoni, haki ya kusikilizwa, tukaanza upya, kipindi chenyewe dakika 40, shahidi wa pili hajamaliza kengele ishalia. Kabla sijatoka binti mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kanuni si zinasema viboko ni mkuu wa shule au aliyepewa kibali cha maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari? Kibali chako kiko wapi?" Darasa kimyaaa.

Sikuwa nacho. Sijawahi kuwa nacho.

Na niseme ukweli, sijui kama hizi kesi zinasaidia. Anayemtetea mshtakiwa vizuri Alhamisi, Jumamosi pale stendi naweza kumkuta anakimbiza mtu na mawe pamoja na wenzake, na mtihani hautamuuliza hilo, utamuuliza ataje mihimili mitatu ya dola. Zawadi ya Civics nayo anapewa aliyekariri, kaunta buku moja na kalamu, wa fizikia anabeba begi. Mkitaka kutuunga mkono basi lizawadieni darasa lililoendesha kesi vizuri, au mleteni hakimu wa mahakama ya mwanzo aje akae nasi asubuhi moja tu, wala posho kubwa haihitajiki.

Kibali niliomba wiki ile ile. Mkuu kacheka, akasema "mwalimu nawe, haya mambo tangu lini". Fimbo bado iko juu ya kabati la stafu, na yule binti kila akileta madaftari anaitupia jicho.