Mbadala katika mapatano ya biashara, na mwaka wa kusubiri chuo

Katika mapatano ya biashara, mbadala ni kile utakachofanya endapo wewe na mwenzako hamtaelewana. Sio bei unayoitamani, na sio vitisho vya "nina wateja wengi mimi". Ni njia iliyopo kweli: mnunuzi mwingine mwenye pesa mkononi, mahali pa kuhifadhi mzigo, kazi nyingine uliyokwisha kuitiwa. Waliolipatia wazo hili jina kwenye taaluma ya mapatano ni Roger Fisher na William Ury wa Harvard, mwaka 1981.

Tuchukue parachichi za Rungwe. Parachichi la aina ya Hass likikomaa haliivi likiwa mtini. Linaanza kulainika baada ya kuchumwa. Kwa hiyo mkulima ambaye matunda yake bado yananing'inia anaweza kumwambia dalali aende, akipata bei nzuri arudi, na wiki ijayo atayakuta. Si kwamba yatakaa milele. Kuna upepo, kuna wezi, na mti uliochelewa kuvunwa huzaa kidogo msimu unaofuata. Lakini siku chache anazo. Aliyekwisha kuchuma na kupanga kreti kando ya barabara ya Tukuyu hana siku hizo. Dalali atashika tunda, atalibonyeza kwa kidole gumba, atasema: "Shikamoo mama. Haya mbona yameshaanza kulegea? Nikupe mia tisa kwa kilo, gari lenyewe linaondoka." Hapo "ongeza kidogo basi baba" haisaidii sana. Bei ilikwisha kuamuliwa asubuhi, panga na kamba vilipoingia shambani kabla mnunuzi hajapatikana.

Kwenye mbadala ndiko inakotoka bei ya mwisho. Tuseme kuna kiwanda kinachochukua parachichi kwa shilingi 1,300, kwa kilo, na kukifikishia mzigo kunakugharimu 100 kwa kilo. Basi bei yako ya mwisho kwa dalali ni 1,200, hata kama roho inataka 2,000. Dalali naye ana yake: akipiga hesabu ya kreti, usafiri na matunda yatakayoharibika, hawezi kuvuka 1,600. Kati ya 1,200 na 1,600 ndimo mnamoweza kuelewana, na kubishana kote ni kutafuta mtaangukia wapi humo ndani. Kama yeye mwisho wake ni 1,100, hakuna biashara, na kuagana kwa salama si kushindwa.

Nani ataje bei kwanza? Anayeijua bei ya soko ataje, kwa sababu namba ya kwanza huvuta zinazofuata. Asiyeijua asikilize kwanza, au bora zaidi apige simu mbili kabla ya kuchuma.

Na bei peke yake haitoshi. Wauza viazi wa Uyole na Isyonje wanalijua hili vizuri: mnakubaliana bei ya gunia, kisha gunia linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Kanuni za vipimo zinakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi namna hiyo, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lipo. Mwenye kutaja bei bila kutaja kilo amepatana nusu.

Sasa mwaka wa kusubiri chuo. Watahiniwa wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, matokeo hutoka Julai, vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati kuna JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, iliyositishwa 1994 na kurudishwa 2013, na baadhi hupangiwa Itende hapa Mbeya au Mafinga kule Iringa. Kipindi hicho sicho ninachokisema. Mwaka wa kusubiri ni pale mtu anaposogeza chuo mbele mwaka mzima. Uingereza ni jambo la kawaida, na Marekani wapo wanaofanya. Malia Obama, binti wa Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, alifanya hivyo mwaka 2016, akaingia Harvard 2017. Ila yeye nafasi yake ilishikiliwa. Kwetu wengi hukaa nyumbani kwa sababu ada haikutimia au kozi waliyopata siyo waliyoitaka. Mwaka wa namna hiyo usipoutafutia kazi, kila atakayekupa chochote atakupangia yeye.

Chukua kijana ambaye mjomba wake ana duka la pembejeo Mbalizi. Mjomba anamwambia, "Njoo ukae hapa, kula na kulala bure." Kijana akidai mshahara kama wa mtu mzima watakwama palepale. Lakini akikaa akajiuliza mjomba anaogopa nini, ataona anaogopa kuachwa dukani mvua zikianza Novemba, watu wanapogombea mbolea. Kijana mwenyewe anaogopa kufika Oktoba ijayo bila ada. Hofu hizo mbili hazigongani kabisa. "Mjomba, nitakaa msimu wote, mvua hadi mavuno, sitaondoka katikati. Naomba sehemu ya posho uniwekee, unipe yote Septemba." Mjomba hatoi pesa nyingi sasa hivi, na kijana hapati fedha ya kuchezea. Kila mmoja ametoa kile kisichomuuma sana.

Mbadala wa kijana huyo unaweza kuwa kupakia viazi kwenye magari ya Dar es Salaam, au kumsaidia fundi umeme Mwanjelwa. Auulizie mapema, ajue unalipa nini, kisha asiutaje. Kwa dalali unaweza kusema wazi kwamba kuna mwingine anakuja mchana. Kwa mjomba maneno hayohayo yatasikika kama dharau, na shangazi atayapata kabla jua halijazama. Kitakachomfaa zaidi ni kumwomba mama mdogo awepo siku wanapoelewana, na kiasi cha kila mwezi kiandikwe kwenye daftari la dukani, ukurasa wa mwisho, wote wawili waweke sahihi.