Kufunga turbo kwenye injini isiyokuja na turbo, maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia turbo wanafikiria ni kidude unakifunga tu gari inapata nguvu, kama unavyofunga spika. Turbo haina nguvu yake yenyewe, kazi yake ni kushindilia hewa nyingi kwenye silinda kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Shika hilo kwanza.

Injini ya petroli ya kawaida isiyo na turbo, ile mafundi wanaiita NA, inavuta hewa kama bomba la sindano, pistoni inashuka hewa inaingia kujaza nafasi, basi. Inategemea presha ya hewa ya nje tu, ambayo Dar pale usawa wa bahari ni kama bar 1, na Nairobi kwenye mita 1,700 hivi inashuka mpaka kama 0.83, ndio maana gari ile ile iliyokuwa nyepesi Dar ukiifikisha Nairobi unaona imekuwa nzito kidogo, haijaharibika, imepungukiwa hewa tu. Na petroli kilo 1 inataka hewa karibu kilo 14.7 ili iungue sawasawa. Kwa hiyo ukimwaga petroli nyingi bila kuongeza hewa unapata moshi mweusi na plagi zenye masizi, mbio huzioni.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi wa eksosi, ambao vinginevyo ungepotea bure, nyingine upande wa pili inavuta hewa ya nje na kuisukumia kwenye injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sio kitu kipya, mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905.

Sasa twende kwenye ugomvi wenyewe, ule wa kufunga turbo kwenye injini iliyokuja bila turbo. Chukua Toyota Mark II JZX100 maana zipo nyingi mtaani na wenye nazo ndio wanaoongoza kuuliza. Ina injini mbili ndugu, 1JZ-GE isiyo na turbo na 1JZ-GTE yenye turbo, zote za ujazo wa cc 2,491. Kwenye makaratasi ya Toyota ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 200, ya pili 280. Mtu anaona hizo 80 anasema ah, nanunua turbo nafunga kwenye GE yangu namaliza. Lakini angalia kompresheni: GE ya VVT-i (ile yenye vali za kujibadilisha muda wa kufunguka) ni 10.5 kwa 1, GTE ya VVT-i ni 9 kwa 1. Toyota hawakuishusha kwa kupenda.

Kompresheni ni pistoni inaibana hewa iwe ndogo mara ngapi kuliko ilivyokuwa kabla plagi haijawasha, na hewa ukiibana inapata moto, kama umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono ukagusa pampu chini unajua. Turbo nayo inaleta hewa iliyokwisha kubanwa na yenye joto tayari. Kwa hesabu ya harakaharaka tu, ukiongeza busti, yaani presha ya ziada inayoletwa na turbo, ya bar 0.4 kwenye injini ya 10.5 ni kama umeipeleka kwenye 14 na kitu. Petroli inashindwa kuvumilia, inalipuka yenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia, hapo ndio injini inagonga, unasikia kama kokoto kwenye kopo la bati. Nimewahi kushika pistoni iliyotoka kwenye gari ya hivyo, ule ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemegeka kipande, kama mkate uliong'atwa na panya.

Kwa hiyo kinachoitwa kufunga turbo, turbo yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Unataka intakula ya kupoza hewa, injekta kubwa, zile zinazonyunyizia petroli, maana hewa ikiongezeka petroli nayo iongezeke, pampu ya petroli inayoweza kuzilisha, na kontroo boksi, kompyuta ya injini, inayoweza kupangwa upya ili irudishe nyuma taimingi ya plagi, yaani plagi iwashe kwa kuchelewa kidogo, busti inapopanda. Ile ya kiwandani ya GE haijui busti ni nini. Na usipange kwa kusikiliza sauti, funga sensa ya oksijeni ya kupima mchanganyiko, ukikanyaga mpaka mwisho uwe karibu 11.5 au 12 kwa 1, sio 14.7.

Alafu oili. Jamaa yangu alifunga yake nyumbani, gari ikawa inatoa moshi wa bluu, akabadili turbo, moshi ule ule, akaanza kulaumu duka. Kumbe mpira wa kurudisha oili ulikuwa umekunjika chini ya manifoldi, bomba la kukusanya moshi wa injini. Oili inayotoka kwenye turbo inarudi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, hakuna kinachoisukuma, kwa hiyo mpira uwe mpana, uelekee chini mwanzo mwisho, uingilie sampu juu ya usawa wa oili. Ukiziba, oili inajaa inapenya sili inaingia eksosi. Turbo mbili kwa sababu ya mpira!

Mimi ukiniuliza, kwa mwenye GE ni afadhali atafute GTE ya mtumba nzima na waya zake na kontroo boksi yake, fundi abadilishe. Utalipa pesa nyingi siku moja, lakini pistoni, kompresheni na oili vyote vimepangiwa turbo tangu kiwandani. Ukishikilia kufunga kwenye GE basi kaa kwenye busti ndogo, 0.3 hivi, na ukitoka kukimbiza usizime gari hapohapo, iache iungurume bila kukanyaga mafuta dakika moja mbili, maana shafti bado ina moto mkali na oili ikisimama mle ndani inaungua na kugeuka masizi magumu.