Sheria ya risasi: maana yake kwa mtoto na kwa nyumba

Risasi inayozungumzwa hapa si ya bunduki. Ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu, ambayo zamani yalichanganywa kwenye rangi ya nyumba ili idumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, lakini nyumba za kabla ya hapo bado zinakaliwa, na nyingi zina kodi nafuu.

Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria yake mwaka 1971. Inasema hivi: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 6, mwenye nyumba lazima aondoe au afunike hatari ya rangi ya risasi. Hangoji mtoto augue. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha neno kinga. Nyumba ikikaguliwa baada ya damu ya mtoto kuonyesha sumu, mtoto ndiye amefanywa kipimo, na ubongo ulioumizwa na risasi hauponi kwa kupaka rangi mpya.

Tazama dirisha la mbao, lile la kupandisha na kushusha. Kila likifunguliwa, rangi ya zamani husagika kwenye fremu na vumbi lake hutua kizingitini. Mtoto anayejifunza kusimama hushika papo hapo, kisha mkono huenda mdomoni. Hakuna anayeona kitu, na mwanzoni mtoto haonyeshi dalili yoyote.

Ndiyo maana jimbo linataka pia damu ipimwe: kati ya miezi 9 na 12, kisha akiwa na miaka 2 na miaka 3. Katika miji yenye hatari kubwa hupimwa tena akiwa na miaka 4. Mikrogramu 10 za risasi kwa desilita moja ya damu (sehemu ya kumi ya lita) huhesabiwa kuwa sumu. Tangu 2021, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa inataka mtoto afuatiliwe kuanzia 3.5, na hata chini ya hapo haijapatikana kiwango kilicho salama.

Wasomaji wetu waliohamia huko, hasa familia za wakimbizi kutoka Kongo, jambo hili linawagusa. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo jirani la New Hampshire, mtoto mkimbizi wa miaka 2 kutoka Sudan alifariki kwa sumu ya risasi, wiki chache tu baada ya kufika.

Mwenye nyumba wa Massachusetts haruhusiwi kukunyima chumba kwa sababu una watoto wadogo na nyumba yake ina risasi. Mwombe barua inayothibitisha kuwa nyumba imeshashughulikiwa. Kama hana, ofisi ya afya ya mji au ya jimbo inaweza kuombwa ije kukagua. Wakati mnasubiri, msifagie vizingiti kwa ufagio mkavu, maana vumbi litaruka. Futeni kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.