Skrabu ya nyumbani: maswali na majibu

Skrabu inafanya kazi gani hasa?

Ngozi hujivua yenyewe kila siku. Seli mpya huzaliwa chini na kupanda taratibu, na kwa kijana safari hiyo huchukua kama wiki 4. Zikifika juu zimeshakufa, hukauka na kupukutika. Umri ukisogea, mwendo hupungua. Skrabu, yaani mchanganyiko wenye punje wa kusugulia ngozi, huondoa zile zilizong'ang'ania. Basi. Haibadilishi rangi uliyozaliwa nayo, wala haitoi "sumu" mwilini.

Nichanganye nini?

Kwa mwili, vijiko 2 vya sukari yenye punje ndogo na kijiko 1 cha mafuta ya nazi au ya zeituni. Mimi huichagua sukari kuliko chumvi: punje zake huyeyuka kwenye maji kadiri unavyosugua, na penye mchubuko haiwashi kama chumvi. Kwa uso hata sukari ni kali. Saga shayiri iwe unga laini, tia asali kidogo na maji. Mwenye chunusi asipake mafuta ya nazi usoni, huziba vinyweleo.

Na ndimu?

Iache jikoni. Ngozi ina asidi kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi huzidi). Maji ya ndimu yako karibu 2. Tena yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, ikatoka malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki au miezi. Magadi soda nayo hukosea upande wa pili, pH yake ni zaidi ya 8.

Nisugue kwa nguvu kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Lowesha ngozi, tumia ncha za vidole, zungusha kwa nusu dakika, suuza. Ikiwaka moto au kuuma, umeshapitiliza. Ngozi nyeusi ikichubuliwa, hata kidogo, hujibu kwa kumwaga melanini, ile rangi ya ngozi, pale pale, na alama inabaki. Ndiyo maana mtu husugua doa, doa likakolea, naye akazidi kusugua! Mara 1 au 2 kwa wiki inatosha mwilini. Usoni mara 1. Ukimaliza, paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu.

Nani asitumie?

Mwenye kidonda, aliyeunguzwa na jua, mwenye pumu ya ngozi iliyoamka au chunusi zilizovimba, na aliyetoka kunyoa. Anayetumia krimu yenye retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) amuulize kwanza daktari.

Inakaa muda gani?

Ya shayiri, tumia siku hiyo hiyo. Ya sukari na mafuta hukaa wiki 1 au 2 kwenye chupa iliyofunikwa, mradi unachota kwa kijiko kikavu. Maji yakiingia, vijidudu hufuata. Halafu sakafu ya bafu: mafuta yale huteleza vibaya, isugue kwa sabuni kabla mwenzako hajaingia.