Kimeng'enya hakimeng'enyi kila kitu

"Huu si mkorogo, dada. Hii ni enzaimu tupu, inakula weusi taratibu." Nimeisikia saluni, nimeisikia dukani, na juzi nikaisikia kwa mtu aliyesoma baiolojia hadi kidato cha sita. Hapo nikaona bora niandike.

Kimeng'enya, au enzaimu kama tunavyoitana nayo mitaani, ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Kila kimoja kina kazi yake na hakigusi ya jirani. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Balaa liko kwenye jina.

Waliotuundia istilahi hii walikwenda kwenye kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja vipande vidogo, kama mama anavyofanya kwa mkate kabla ya kumpa mtoto. Humohumo tukapata mmeng'enyo wa chakula. Kwa mate na tumbo, jina limekaa vizuri sana. Lakini limetuachia picha moja kichwani: kwamba kila kimeng'enya kina meno. Mjerumani Wilhelm Kühne, aliyebuni neno la asili, enzaimu, katika miaka ya 1870, hakuwa na picha hiyo. Alichukua Kigiriki cha "ndani ya hamira", kwa kuwa ubishi wa wakati ule ulikuwa juu ya nini hasa kinachochachusha. Hamira haisemi kama kitu kinavunjwa au kinajengwa. Inasema tu kwamba kuna jambo linaendelea humo ndani. Ila tusijilaumu sana. Hata kiishio cha "-asi" tunachokiona kwenye majina ya vimeng'enya kilitoka kwenye diastasi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ambayo Wafaransa Payen na Persoz waliipata kwenye kimea mwaka 1833, na neno hilo nalo lina maana ya kutenganisha. Kuvunja kumeanza zamani.

Sasa njoo kwenye ngozi. Kimeng'enya kinachohusika na weusi kinaitwa tirosinasi. (Jina lake linatokana na jibini kwa Kigiriki, kwa sababu mkemia Mjerumani Liebig aliipata tirosini, moja ya matofali ya protini, kwenye jibini mwaka 1846. Rangi yako na yangu, kwa majina, ni habari ya jibini.) Tirosinasi haivunji weusi. Inautengeneza. Inachukua tirosini, inaiunganisha na oksijeni, na kutoka hapo mnyororo unakwenda hadi kwenye melanini, yaani ule weusi wenyewe wa ngozi. Ipo aina ya ualbino inayotokea kwa sababu kimeng'enya hiki hakifanyi kazi, na hapo huhitaji ushahidi zaidi wa nani ni fundi wa rangi.

Umeshamwona ndugu yake jikoni. Kata biringanya au ndizi mbichi, iache mezani, rudi baada ya muda: imeshaanza kuwa nyeusi. Hicho ni kimeng'enya cha ukoo huohuo kikiwa kazini. Ndiyo maana wapishi hutumbukiza vipande kwenye maji yenye ndimu. Na sijawahi kumsikia mpishi akisema ndimu inakula weusi. Kila mpishi anajua inauzuia usije.

Dawa nyingi za madoa meusi, yale ya chunusi na yale ya ujauzito, zinafanya kazi ya ndimu ile. Hidrokwinoni, asidi ya koji, arbutini: hakuna hata moja iliyo kimeng'enya. Ni vizuizi vya kimeng'enya. Vinamsimamisha fundi, wala havigusi ukuta aliokwisha kuupaka, ndiyo maana matokeo huchukua wiki nyingi, mpaka ngozi ya zamani itoke yenyewe. Hata zebaki, sumu ya figo ile, inang'arisha kwa kuivuruga tirosinasi hiyohiyo. Kwa hiyo ukimwambia mteja "huu si mkorogo, ni wa enzaimu", umechekesha bila kukusudia, maana mkorogo wenye hidrokwinoni au zebaki ndio hasa unaocheza na enzaimu. Tanzania, Kenya na Rwanda hazikupiga marufuku vipodozi vya namna hiyo kwa sababu vinakosa sayansi.

Nikiwa hapo, niseme na jambo dogo linaloniudhi: viambato vingi vya krimu hizi vimepimwa kwa tirosinasi ya uyoga, kwa kuwa inapatikana kwa urahisi. Ya uyoga si ya binadamu. Asidi ya koji inaizuia ile ya uyoga kwa nguvu, ya kwetu kwa unyonge.

Basi sabuni ya papai? Papaini ni kimeng'enya kweli, na hiki kina meno. Kinavunja protini, na ndiyo maana papai bichi hulainisha nyama ya mishikaki. Lakini melanini si protini. Kinachoweza kuvunjwa na papaini ni kile kinachoshikilia seli mfu za juu kabisa, zikatoka na rangi kidogo iliyokuwa ndani yake, na uso ukaonekana umeng'aa. Kiwanda kiko chini, kinaendelea na kazi. Tena nyama tunaiacha na papai saa nzima, sabuni tunaisuuza kabla dakika haijaisha. Na utomvu wenye nguvu ni wa papai bichi, wakati picha kwenye boksi kila mara ni ya papai lililoiva.

Kimeng'enya kinachoivunja melanini yenyewe kipo, haki yake nimpe. Kinatoka kwa kuvu anayeozesha magogo, Phanerochaete chrysosporium. Kazi yake porini ni kuivunja lignini, ile inayoupa mti ugumu na rangi ya kahawia, na melanini nayo haikusalimika mbele yake. Imewahi kutengenezwa losheni yake ya kupaka kwa hatua mbili, kwa sababu bila haidrojeni peroksaidi kidogo ya kukiamsha, kimeng'enya hiki hulala tu. Hicho ukikiita "enzaimu inayokula weusi" sitakubishia.

Kwa hiyo dada wa saluni, sikukatazi kuuza. Krimu yenye asidi ya koji, mwambie mteja ni ya kuzuia kimeng'enya. Ile ya papai, sema inachubua kidogo juu. Na akikuuliza enzaimu ni nini, usianze na tumbo; anza na biringanya.