Je, Wajua Kwa Nini Risasi za Winchester Zina Vichwa Bapa?

Kama umekulia kwenye sinema za makaboi, bunduki hii unaitambua kwa mlio hata kabla haijapigwa. Kaboi anasukuma chini wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, anaurudisha juu, ganda tupu linaruka na risasi nyingine imeshaingia. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Kisichoonekana kwenye sinema ni umbo la risasi zenyewe. Mwaga juu ya meza pakiti ya risasi za .30-30, zinazotumiwa na Winchester 94, kisha uziweke kando ya risasi za bunduki ya jeshi. Za jeshi zimechongoka kama sindano. Za Winchester ni bapa mbele, utadhani madini yalimwishia fundi kabla hajafika nchani.

Wengi hudhani ni ili mnyama aumie zaidi. La hasha. Jibu limo ndani ya bunduki, pale risasi zinapolala kungoja zamu yao.

Tuelewane kwanza kwa maneno, kwa sababu Kiswahili huita "risasi" kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Hapa kipande kinachoruka nitakiita kichwa. Kikopo cha shaba kinachobeba baruti ni ganda. Na kile kidonge kilicho katikati ya kitako cha ganda, ambacho kikigongwa na pini huiwasha baruti, ni fataki.

Winchester 94 huweka akiba yake katika bomba jembamba lililopita chini ya mtutu. Humo risasi hujipanga foleni moja, kichwa cha ya nyuma kikiegemea kitako cha ya mbele. Yaani kichwa kinaegemea fataki! Bunduki ikipigwa hurudi nyuma kwa kishindo begani, na foleni nzima bombani hutikisika na kubanwa na springi. Sasa fikiria kila kichwa kingekuwa na ncha ngumu. Ncha hiyo ingeweza kufanya kazi ya pini: ikaichoma fataki ya mbele yake, risasi ikalipuka ndani ya bomba, na bomba lenyewe liko pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Kichwa bapa hugusa eneo pana, kishindo kikatawanyika, fataki ikasalimika.

Bunduki za wenzo za mwanzo hazikuwa na shida hiyo. Henry ya mwaka 1860, iliyobeba risasi 16 bombani, ilitumia risasi ambazo kiwashio chake kilifichwa kwenye ukingo wa kitako. Katikati hapakuwa na cha kuchomwa. Winchester ya mwaka 1873 ilipokuja na risasi zenye fataki katikati, kichwa bapa kikawa sharti. Wala hakuna aliyelalamika. Baruti ya siku hizo ilikuwa ile nyeusi yenye moshi mwingi, jamaa ya baruti ya magobori yetu, na vichwa vilikwenda polepole kiasi kwamba umbo halikuwa na uzito mkubwa.

Kilichobadili mambo ni baruti isiyo na moshi. Mwaka 1895 Winchester ilitoa risasi ya .30-30 kwa ajili ya bunduki yake ya mwaka uliotangulia, yaani hiyo Winchester 94, iliyobuniwa na John Browning wa Ogden, Utah. Kichwa sasa kiliondoka kwa kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hewa huwa ukuta. Kichwa chenye ncha hupasua hewa kama ngalawa inavyopasua maji. Kilicho bapa huisukuma kama tishari. Kwa mita 100 tofauti ni ndogo. Ukifika mita 250, kile bapa kimechoka na kinashuka vibaya.

Majeshi yaliliona hilo mapema. Wafaransa walianza kutumia kichwa chenye ncha mwaka 1898, Wajerumani mwaka 1905. Kichekesho ni kwamba bunduki ya Wafaransa, Lebel ya mwaka 1886, nayo ilikuwa na bomba chini ya mtutu, ingawa haikuwa ya wenzo. Wakalazimika kuchonga mfereji wa mviringo kwenye kitako cha ganda, kuizunguka fataki, ili ncha ya risasi ya nyuma itue mferejini badala ya katikati. Kiraka, lakini kiliwavusha.

Kwa wawindaji wa Marekani waliotaka wenzo na ncha kwa pamoja, zilipatikana njia mbili. Ya kwanza ni ya Browning huyo huyo: Winchester 1895. Aliliacha bomba, akaweka kasha la risasi chini ya bunduki, risasi zikalala moja juu ya nyingine, kichwa cha moja mbali na kitako cha nyingine. Bunduki hii ina historia Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, muda mfupi baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda treni mpaka nyanda za Kapiti. Kati ya bunduki zake ilikuwamo Winchester 1895 ya risasi za .405, ambayo aliisifu mno kuwa ndiyo dawa ya simba. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Urusi iliagiza karibu 300,000 za aina hiyo kwa ajili ya askari wake. Kasoro yake ni ya mkononi: kasha lile limetokeza mahali hasa ambapo mtu hutaka kuishika bunduki akiwa anatembea nayo.

Njia ya pili, nayo ndiyo inayonikosha mimi, ni ya Arthur Savage, mzaliwa wa Jamaika. Katika Savage 99 kasha limefichwa ndani ya mwili wa bunduki, na ndani yake mna kigurudumu chenye mifereji. Kila risasi ina mfereji wake. Ukivuta wenzo, kigurudumu hugeuka na kuleta nyingine. Hakuna ncha inayoonana na fataki. Ubavuni kuna kidirisha kidogo chenye tarakimu kinachokuonyesha zimebaki ngapi. Mwaka 1915 ikatolewa kwa bunduki hiyo risasi iliyotangazwa kwa kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, zaidi ya mita 900. Kwa wenzo, siku hizo, huko kulikuwa kuwadhihaki washindani.

Hata hivyo aliyeshinda sokoni ni bomba. Winchester 94 ziliuzwa zaidi ya milioni 7, na mshindani wake wa karibu, Marlin 336 ya mwaka 1948, naye ni wa bomba na vichwa bapa vile vile. Kwa nini? Kwa sababu mwindaji hubeba bunduki kutwa nzima na kuipiga mara moja, pengine asiipige kabisa. Winchester 94 ina uzito wa kilo tatu hivi, imebapa ubavuni, haina kinachotokeza, inashikika katikati kama fimbo ya kutembelea. Na katika misitu ya Maine au Pennsylvania, kulungu wa mkia mweupe huonekana kwa ghafla, mara nyingi chini ya mita 100. Kwa umbali huo ncha ya nini?

Waliobaki na hamu ya ncha walisubiri hadi katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Hornady ilipoleta risasi za bomba zenye ncha kamili. Ncha hiyo ni ya plastiki laini kama mpira: ikibanwa na fataki hubonyea, ikiachiwa hurudi umbo lake.